Bualoi Ndani ya Chandarua

Jumatatu, 7 Juni
Daktari Prapai wa mifugo kafika na chanjo ndani ya sanduku la barafu. Ugonjwa wa mapele ya ng'ombe umeingia mkoani kwetu Yasothon. Nzi na mbu wanausambaza. Kinara wa foleni: jirani yangu Sanguan, fahali wake kaogeshwa kama bwana harusi. Nipange nyuma ya Sanguan? Mimi? Tena ng'ombe wangu Bualoi ananyonyesha, sindano itamkausha maziwa. Nikamwambia daktari nimeshamchanja kwa shemeji. Akaandika. Rahisi mno!

Jumatano, 9 Juni
Nimemtundikia Bualoi na ndama wake chandarua chetu cha kitandani. Nzi wapite wapi? Lamduan, mke wangu, kauliza: “Na sisi, Baba Malai, tutaumwa na vipepeo?” Sanguan kapita, kauliza harusi lini. Nikakaza kamba za chandarua.

Ijumaa, 11 Juni
Bualoi kala robo ya chandarua. Nzi wameingia kwa tundu hilo, kutoka hawawezi. Wanamng'ata kutwa. Nimewafungia mwenyewe!

Jumatatu, 21 Juni
Homa. Mapele shingoni, makubwa kama ndimu. Nikamkimbilia daktari, nikamwomba sindano hata mbili. Akasema chanjo ni ya ng'ombe asiyeugua bado. Akafungua daftari. “Lakini si alichanjwa kwa shemeji, mzee?” Nikatazama kandambili zangu.

Jioni Sanguan kaja bila kuitwa, kanioshea vidonda vya Bualoi. Hakucheka. Heri angecheka.

Jumapili, 27 Juni
Bualoi kafa asubuhi. Miaka tisa. Alikuwa akisikia kikohozi changu tu, anageuza shingo. Lamduan kalia kashika pembe. Wali wa kunata umekaa kikapuni, hakuna aliyeugusa. Nimechimba shimo na Sanguan, mvua ikitunyeshea.

Jumanne, 29 Juni
Daktari karudi. Kabakiza dozi moja, kamwekea ndama. Lamduan kasema: “Leo hii, Baba Malai. Nenda sasa hivi.” Nikaapa. Nikamfungua ndama, nikaenda naye hadi njia panda. Hapo nikawaza: ndama mdogo, sindano kubwa. Na nzi hajui kupiga mbizi! Nikapinda kushoto.

Tumo bwawani, maji shingoni, mimi naye. Daftari hili ninaloandika nimeliweka juu ya kichwa chake. Hakuna nzi hata mmoja. Ruba tu, na hao wananipenda mimi zaidi.