Ufunguzi wa Hospitali ya Seneta Stroud, Bonde la Tolliver

Mheshimiwa Gavana, ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye naye hakuweza, Mchungaji Lively, Mkuu wa Polisi na mbwa wake, wachimba makaa wenzangu, wazima na wanaokohoa, nawe Bibi Odessa Stroud, mjane wetu sote: hamjambo! (Vikohozi.)

Mimi, Kamishna Wendell Pruitt, nasimama kwa unyenyekevu usiowahi kuonekana katika West Virginia nzima, kufungua rasmi Hospitali ya Kumbukumbu ya Seneta Delbert Stroud. (Makofi machache.)

Delbert aliingia shimoni akiwa na miaka kumi na mmoja, akamzika baba yake aliyeuawa na vumbi la makaa, na alipopata useneta alidai jambo moja tu, hospitali ya mapafu, jambo ambalo mimi, kwa mujibu wa taratibu, nililipinga mara tatu ili lipate kukomaa. (Sauti: "Wenye mgodi walikununua, Wendell!") Ahsante, Cletus, mchango wako umepokelewa.

Mwezi Machi, alipokuwa akiusoma muswada wake kwenye ngazi za mahakama, mlinzi wa mgodi alimsogelea kama anayetaka kumpa mkono, akampiga risasi mbili kifuani. Mlinzi yuko gerezani, waliomtuma ndio wafadhili wa viti mlivyokalia. Nami, niliyekuwa kando yake, nilichukua hatua za haraka na za kimkakati (Sauti: "Ulijificha nyuma ya mkewe!"), narudia, za kimkakati, na Delbert akanishika mkono akasema, "Wendell, endeleza kazi."

(Bibi Stroud anasimama: "Mwongo wewe! Nilikuwa nimempakata. Alisema, 'Dessa, nakosa pumzi kama baba.' Basi. Hakukutaja.")

Tumsamehe, ana majonzi. Kitakwimu, mradi umekamilika kwa asilimia mia moja na nne: upembuzi yakinifu tayari, kamati ndogo ya kamati kubwa tayari, na kibao chenye jina la Delbert, na langu kwa herufi nene zaidi, tayari. (Cletus anakohoa hadi anaanguka kitini. Bibi Stroud anamwinua, wanaondoka wameshikana, na safu nzima inawafuata.) Jamani, kaeni! Mapafu imara! (Kimya.) Tolliver juu! (Mbwa anabweka.)

Nawashukuru mliobaki, hasa kanisa kwa kutuazima uwanja huu hadi saa tisa. Na Mchungaji, huo utepe nilioukata ukunje vizuri, tutauhitaji siku hospitali itakapopata kiwanja.