Daktari wa Matairi

Landkruza nyeupe iliposimama kando ya barabara ya Mombasa pale Kibwezi, Ndolo hakuangalia gari. Aliangalia miguu yake. Matairi manne mapya, yenye meno marefu ya kutafuna matope, na vile vinywele vya mpira vya kiwandani vilikuwa bado havijakatika. Moyo ukamwenda mbio kwa mapenzi. Kila mtu na anachokipenda.

Akavaa koti lake jeupe. Akatundika shingoni ile mipira ya daktari ya kusikilizia kifua, ambayo aliipata siku zahanati fulani ilipofungwa, akatoka kibandani taratibu, kama mtu anayeenda kumwona mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa.

Watu walimwita Daktari wa Matairi. Kabla ya Kibwezi alikuwa akitibu huko Migwani, upande wa Kitui, mpaka wagonjwa wakaanza kumtafuta wakiwa wamebeba rungu, naye akaona ni vizuri abadilishe hewa.

Dereva wa Landkruza alikuwa kijana mpole anayeitwa Kiilu, ameshuka kununua machungwa. Ndolo hakumsalimia. Alichuchumaa, akaweka mipira yake kwenye tairi la mbele, akafumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akaenda kwa la nyuma. Akatikisa kichwa zaidi. Sasa mtu mwenye koti jeupe akikutikisia kichwa, wewe utanyamaza? Kiilu akauliza kuna nini.

"Hii gari ni yako ama ni ya watu?"

"Ni ya watu, daktari. Mimi nimeandikwa tu."

"Basi soma hapa kwa ubavu. Hapo mwisho wa hizo namba kuna herufi gani?"

Kiilu akainama. "Ni Q."

"Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Nilimaliza fomu foo."

"Na kwa hiyo miaka yote uliwahi kuona mtu akipewa Q kwa mtihani?"

Kiilu akainuka polepole. Aliwahi kuona D. Aliwahi, tena kwa karibu sana, kuona E. Lakini Q ilikuwa mbali huko chini mahali ambapo hata mwalimu wa hesabu, na ukali wake wote, hakuwahi kumpeleka mtu. Na juu ya Q nne hizo alikuwa akibeba watu.

Ukweli ni kwamba herufi ile haina habari na mtihani, na Ndolo alijua hivyo vizuri kabisa. Ni herufi ya spidi. Q inasema tairi likiwa jipya, lina upepo sawasawa na halijabebeshwa kupita kiasi, linaweza kuvumilia kilomita mia moja na sitini kwa saa. Nani Makueni ana barabara ya kwenda hivyo? Tairi la matope ni zito, lina meno, likikimbizwa sana linapata joto, ndiyo maana linapewa herufi ya chini. Kazi yake ni mawe na mchanga wa mito. Tena kabla ya herufi kuna namba inayosema tairi linabeba uzito gani. Hiyo namba Ndolo aliifunika kwa kidole gumba muda wote wa mafundisho.

Kisha akamwonyesha dawa. Alitoa kibandani matairi manne yaliyozeeka kwenye gari dogo la mjini, ameyapaka rangi ya viatu yakang'aa kama wazee wa kanisa siku ya Krismasi. Yaliingia kwenye rimu za Landkruza bila ugomvi. Ubavuni yalikuwa na H.

"Hii inaenda mia mbili na kumi," Ndolo akasema, na hapo hakusema uongo, kwa maana H ni mia mbili na kumi, ikiwa tairi ni zima na liko chini ya gari lake. Uongo wake ulikuwa kama chai ya hoteli, maji mengi lakini majani kidogo ya kweli yamo.

Kiilu akauliza ni pesa ngapi, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. Ndolo akasema mambo ya uhai hayauzwi. Wabadilishane tu, tairi kwa tairi, naye zile Q ataziharibu zisije zikaua mtu. Kiilu alishukuru mpaka akamwachia gunia la machungwa.

Zile Q hazikuharibiwa. Zilikuwa na mwenyewe tayari, Billow, mfanyabiashara wa mifugo anayepitia njia za mchanga zisizo na jina kwenda Garissa. Billow alikuwa amemwambia Ndolo kila tairi la matope zuri likipatikana amwekee. "Mimi siendi kuruka kama ndege," alisema siku ile walipojuana. "Q inanitosha. Hata mbuzi wangu hawapendi haraka." Alishangaa kidogo jinsi watu wa Kibwezi walivyotupa vitu vizuri, lakini kushangaa hakumzuii mtu kununua. Jumamosi asubuhi alikuja, akapakia matairi yake kwenye pikapu, akaketi kunywa chai hoteli iliyo karibu.

Ndolo alikuwa akimenya chungwa la tatu simu ilipolia. Ni mama yake, Mwongeli, wa Nunguni. Hakuwa amekwenda kumwona kwa muda mrefu. Kila alipoulizwa kazi anayofanya alijibu kwamba yuko kwa mambo ya afya.

Nyuma ya sauti ya mama injini ilikuwa ikinguruma kama imechokozwa, na wanawake wakipiga mayowe.

"Mwaitu, mama yangu, uko wapi?"

"Niko ndani ya gari ya kanisa, mwanangu. Sisi kwaya yote. Tunatakiwa Kibwezi kwa mkutano. Ile Landkruza tulichangiwa, nyeupe. Na mbele yetu ndio ule mteremko."

Ndolo aliujua mteremko wa Nunguni. Ukikosa kona pale, unaokotwa na watu wa kata nyingine. Chungwa likakosa ladha mdomoni.

"Dereva ni nani?"

"Ni kijana anaitwa Kiilu. Amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Tunamwambia pole pole, anasema tusiogope, hii ni H. Anasema kuna daktari huko kwenu alimwambia inaenda mia mbili na kumi."

"Mwambie asimame."

"Hasikii. Ananiambia mama, wewe si daktari."

"Mwaitu, mwambie asimame sasa hivi."

"Nitamwambia sababu gani?" Injini ikapanda tena. Mtu mmoja akaanza kuimba wimbo wa mazishi, na wengine wakamjibu. "Ndolo, kama kuna kitu unajua, sema. Nimeweka simu kwa spika."

Kuna watu hushikwa na polisi hawasemi. Huyu alishikwa na mama yake, akasema yote. Alisema matairi yale ni ya gari dogo, namba ya uzito ni ndogo, hayawezi kubeba Landkruza na kwaya yake. Alisema ule weusi ni rangi ya viatu, chini yake yamepasuka. Alisema ubavuni kuna tarakimu nne za wiki na mwaka yalipotengenezwa, wakizisoma wataona yamezeeka kuliko dereva wao alivyo na akili. Alisema herufi ya spidi ni ya tairi jipya, na tairi likishachoka herufi yake ni kama picha ya harusi, inaonyesha tu vile lilikuwa. Mwishoni akasema daktari ni yeye.

Injini ikashuka.

"Kiilu ametoa mguu," mama akasema. "Sasa tuko huku juu bila miguu. Leta yetu." Akakata simu.

Ndolo alikimbia mpaka hotelini, akamwomba Billow amrudishie yale matairi. Billow alimtazama jasho, akamkaribisha chai kwanza. Ndolo akasema hataki chai. Billow akasema basi wazungumze, kwa sababu yeye hana neno, lakini safari ya Garissa ni ndefu na matairi haya ameyazoea tayari.

"Umeyazoea na hujayafunga?"

"Mimi huzoea haraka. Kule kibandani una mengine mazuri?"

Yalikuwapo, tena mengi, yote yalitoka kwa wagonjwa wa Migwani na Kibwezi.

"Nipe hayo yote," Billow akasema kwa upole, "na mimi nitakusaidia na pikapu na dereva mpaka kwa mama. Mama ni kitu kikubwa."

Kwa hiyo Ndolo, mtu ambaye hakuwahi kubadilishana kitu bila kupata zaidi, alitoa ghala zima kwa matairi manne aliyokuwa nayo juzi. Billow alimwambia Mungu atamlipa. Njia nzima, wakipita Emali, wakipanda milima, Ndolo, bado haamini kwamba gari lilisimama kweli, aliangalia kila kona akitafuta leso za wanawake kwenye majani.

Landkruza ilikuwa ndani ya ua wa kanisa, imewekwa juu ya mawe. Ilielekea getini, na nje ya geti ndio mteremko unaanza. Akina mama walikuwa wamekaa kivulini na vikombe vya chai. Kiilu alikuwa chini ya gari, hataki kutoka.

"Mlirudije?" Ndolo akauliza.

"Hatukuenda," mama yake akasema.

Walikuwa wamepanda asubuhi, wamejaa vizuri, na tairi la nyuma likapasuka kabla ya kufika getini. Kiilu akalia, akaeleza habari ya daktari, jinsi alivyofumba macho, jinsi alivyosema mambo ya uhai hayauzwi. Mwongeli alisikiliza mpaka mwisho, akamtambua mwanawe wa mambo ya afya, akaomba waweke gari juu ya mawe na warudi wote ndani.

"Mwaitu, ulinidanganya. Na uko kanisani."

"Nilidanganya wapi? Nilisema niko ndani ya gari. Nilikuwa ndani. Nilisema Kiilu amekanyaga mafuta. Muulize kama hakukanyaga. Hayo mengine ulijiambia mwenyewe." Akamwonyesha spana. "Funga."

Alifunga yote manne, akaangalia upepo, akakaza nati mara mbili huku kwaya nzima ikimsimamia. Alipoinuka akidhani yamekwisha, mama yake alikuwa amenyoosha mkono na simu ya Ndolo aliyoitoa mfukoni mwa koti.

"Wale wagonjwa wako wengine pia wana mama zao. Piga."

Wa kwanza alikuwa Munyao, mwenye Prado ya kukodisha harusi huko Migwani, mmoja wa wachache ambao hawakuwa wamebeba rungu. Alishika simu upepo ukivuma.

"Daktari wangu, hizi tairi ni moto. Niko na bwana harusi, tumechelewa, tuko mia na thelathini."

"Munyao, simama. Hizo tairi ni mbovu. Nilikudanganya."

Munyao alicheka vizuri. Akasema ameelewa, daktari amegundua alimpa vitu vya thamani bure na sasa anavitaka tena, lakini yeye Munyao si wa kuchezewa. Injini ikasikika ikiongezewa mafuta.

Ndolo alimtazama mama yake. Ukweli wote aliokuwa nao alikuwa ameshautumia, na haukununua kitu. Sauti yake ikarudi ile ya koti jeupe.

"Haya, umenishika. Wewe huwezi kufichwa. Kumetoka tairi za G, mpya, za bure, kwa wale wenye H peke yao. Lakini lazima hizo H zipatikane zikiwa baridi. Zikishapata joto kampuni haibadilishi. Zako zina joto?"

Injini ikashuka, ikashuka, ikazima. Mlango ukafunguliwa.

"Zina kidogo," Munyao akasema akihema. "Nimezigusa. Zitapoa?"

"Zitapoa. Usizisongeze hata mita moja mpaka nifike."

"Na bwana harusi?"

"Atafutiwe gari ingine."

"Ni sawa. G, daktari? Kabisa?"

"Kabisa."

G, kwa wanaojua, ni kilomita tisini. Akina mama hawakujua kama ni wakati wa kumkemea shetani au wa kupiga makofi. Mwongeli alimtazama mwanawe vile mtu anavyomtazama ng'ombe mwenye maziwa mengi na mateke mengi.

"Dhambi hiyo nitaiombea mimi," akasema. "Piga ya pili."