Nyumba Yangu ya Vyumba Vinne

Leo nimeumbuka. Na nimeumbuka mbele ya mama mkwe, mchungaji wake na akina mama wanne wa kwaya.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kyela, mtu wa kuja. Mke wangu Atupele ndiye mwenyeji, kwao Busale. Tuna miaka sita kwenye ndoa na yote tumepanga, na mama mkwe hakati simu bila kuuliza, "Mkwe, msingi umefika wapi?" Msingi haujaanza. Kiwanja chenyewe sina.

Nilicho nacho ni hobi. Natengeneza vijumba na samani zake. Kochi la mianzi linalokaa kiganjani. Vyungu vya udongo vyenye ukubwa wa karanga. (Ndiyo, mtu mzima na ndevu zangu.) Alhamisi nikamaliza nyumba iliyonisumbua miaka miwili: vyumba vinne, mapazia ya kitenge, bati la msauzi nililolikata kwenye kopo la maziwa. Nikaitoa nje, nikalala kifudifudi kwenye nyasi, nikaipiga picha, milima ikaonekana kwa nyuma. Nikaweka stetasi: "Hatimaye nyumba imekwisha. Miaka miwili! Asante Mungu."

Jioni mama mkwe akapiga. "Mkwe, nyumba tumeiona. Jumamosi tunakuja kuiangalia." Sauti ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Na mimi nikafurahi. Hatimaye ukweni wanaheshimu kazi ya mikono yangu! Nikaipangusa vumbi kwa mswaki mpya.

Leo saa nne wakafika. Bajaji mbili, wimbo kuanzia kona ya barabara, majirani wote nje. Bajaji ya pili ilikuwa na chungu kikubwa cha wafinyanzi wa Kikisi, zawadi ya nyumba, kimeagizwa Matema. Mbuzi angeweza kulala humo. Atupele alikuwa sokoni.

"Ndaga fijo, asante sana, mkwe," mama akasema, amenishika mikono yote miwili. "Umenitoa aibu. Ina vyumba vingapi?"

"Vinne, mama. Na choo cha ndani."

Vigelegele.

"Umeme je?" mchungaji akauliza.

"Betri mbili, mchungaji."

"Sola hiyo," akawaelewesha akina mama.

"Ni mbali kutoka hapa?" mama akauliza.

"Mbali wapi, mama? Iko chumbani, juu ya meza."

Mama akaiachia mikono yangu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, lakini nilishatangulia, na wao walishanifuata. Nikafunua kitambaa. Watu watano wakainama. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama mmoja wa kwaya akauliza taratibu, "Sasa tutaingilia wapi?"

Mama mkwe hakuinama.

"Mwalimu," akasema. (Si mkwe tena. Mwalimu.) "Si wewe unayewafundisha watoto ramani?"

"Ndiyo, mama."

"Ile sehemu ya vipimo huwa mnairuka?"

Ni mada ya kidato cha pili, na nimeifundisha wiki hii hii. Nilitamani ule mlango mdogo nilioupaka rangi ya bluu unitoshe nipite.

Atupele akaingia na kikapu chake. Akaitazama nyumba, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Akaketi sakafuni, akacheka mpaka nyanya zikabingirika chini ya kitanda. Mke wangu wa ndoa huyo.

Mchungaji akabariki hivyo hivyo, maana alikuja kubariki. Kiganja chake kimoja kilifunika bati lote.

Wakala wali, wakaondoka bila wimbo. Nikajaribu kukirudisha chungu kwenye bajaji, kwa adabu tu. Mama mkwe akanizuia kwa mkono.

"Kiache. Hicho kinasubiri nyumba yake."

Kwa hiyo kipo katikati ya sebule na tunapita ubavu ubavu. Jumatatu naenda kuulizia kiwanja. Na kuanzia leo, ndugu zangu, sipigi picha ya nyumba bila kuweka kiberiti pembeni.