Mwaka Huu Hatupokei Wageni

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeamua. Mwaka huu hatupokei mgeni. Hata mmoja!

Naandika hapa ili nisije nikalegea. Tangu mwezi wa kumi nashona mapazia ya watu. Sijui nani aliwaambia kwamba mwaka mpya huingilia dirishani. Kila mtu anataka pazia jipya kabla ya tarehe thelathini na moja, na kila mtu anataka lake litangulie. Miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani. Keshokutwa nafunga duka, na nikishafunga nataka kukaa kwenye kochi langu, miguu juu ya meza yangu, bila mtu kuniuliza taulo ziko wapi.

Lakini kila mwisho wa mwaka ukweni kwangu huhamia kwangu. Watu wanane. Mama mkwe, Wifi Mkubwa, shemeji mdogo na mkewe, na watoto wao wanne. Choo ni kimoja. Wifi Mkubwa ni mwalimu mkuu mstaafu, ila habari za kustaafu hazijamfikia. Mwaka jana alipanga upya vyombo vyangu vyote kabatini kwa kufuata ukubwa, kisha akaniita jikoni akaniuliza nimejifunza nini.

Mpango wangu: tunapaka rangi nyumba nzima. Harufu kali. Kifua cha Mama mkwe hakipatani na harufu kali. Nani atabishana na kifua cha mama mkwe?

Saa nne nikampigia Wifi. Nikamweleza kwa sauti ya majonzi. Akasema sawa, wifi, poleni na vumbi.

Sawa! Neno moja tu, likizo nzima mkononi. Nimeimba mchana kutwa. Pazia la mteja mmoja limetoka na mshono wa kwenda kombo, lakini ni la chooni.

Jumanne, 23 Desemba

Nilisahau kitu kimoja. Mume.

Mume wangu anafundisha udereva, na sijawahi kuona mtu mkweli kama yeye, Mungu anisaidie. Akilazimika kudanganya huongeza maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Jana nilimpa sentensi moja ya kukariri: "Ndiyo, tunapaka rangi." Leo dada yake amempigia akiwa kazini, katikati ya njia panda, mwanafunzi ameng'ang'ania usukani huku amefumba macho. Akasema ndiyo, tunapaka rangi. Kijani. Kijani cha zahanati. Makopo manane. Fundi ni mrefu, ana kigugumizi, na anatumia mkono wa kushoto.

Nimemuuliza fundi mrefu ametoka wapi. Akasema uongo ulikuwa unaonekana mtupu, akauonea huruma.

Sasa Wifi anataka picha.

Haya. Picha atapata. Nimekwenda duka la vifaa vya ujenzi nikachukua kopo la kijani lililo dogo kuliko yote. Nimetandaza magazeti, nimepindua viti miguu juu, nimepaka ukuta wa sebuleni pale pale kamera inapoishia, si zaidi. Kisha nikamvisha mume shati kuukuu, nikampandisha kwenye kiti ili awe mrefu, nikampiga picha kwa mgongoni. Burashi mkono wa kushoto. Alitaka na kigugumizi. Nikamwambia picha haisemi.

Nimetuma. Kazi safi kabisa!

Jumatano, 24 Desemba

Duka nimefunga. Nikakaa kochini. Miguu mezani. Raha ikadumu dakika tatu.

Mbele yangu ukuta wa rangi ya maziwa, na katikati yake lile dude la kijani, kama ubao wa darasani. Nikatundika kalenda juu yake. Ikaonekana kama tangazo limebandikwa ubaoni. Nikaamua kulisukuma kabati la vyombo likalizibe. Mume akashauri tutoe vyombo kwanza. Nikamwambia kutoa vyombo ni kwa watu wasio na haraka.

Sahani tisa. Mguu wa kabati umekatika. Sasa limeinama kama mtu anayesikiliza maneno ya watu mlangoni, na dude bado linachungulia kwa pembeni.

Hapo hapo simu. Wifi ameitazama picha. Ameikuza! Anasema fundi wetu ni tapeli: hakupiga msasa, hakupaka rangi ya msingi, halafu ameanzia katikati ya ukuta. Anasema hawezi kukaa kwake ametulia huku mdogo wake anadhulumiwa. Amewahi kusimamia upakaji wa madarasa saba. Wanakuja Jumamosi, wote wanane, na vifaa vyao.

Nikauliza kwa unyonge, na kifua cha Mama? Akasema Mama atakaa uani, kwenye upepo.

Sikati tamaa. Jumamosi bado siku mbili nzima.

Ijumaa, 26 Desemba

Tetekuwanga! Neno lilinijia kabla sijafumbua jicho la pili. Ugonjwa wa kuambukiza, na kule kuna watoto wanne. Nani ataleta watoto?

Nikampigia Wifi, nikamwambia mdogo wake amelala hoi, mwili mzima vipele. Akaomba aongee naye. Nikamfinya mgonjwa, nikampa simu. Mgonjwa akasema anaendelea vizuri kidogo, vipele ni kumi na saba, kumi na kimoja viko mgongoni. Akaulizwa amejihesabu vipi mgongoni. Akasema amehesabiwa na fundi.

Nikaipokonya simu, lakini upande wa pili sasa alikuwa Mama mkwe, ameshafika kwa Wifi tayari kwa safari ya kesho. Sauti ya upole, na upole wake ndio unaoniogopesha. Akanikumbusha kwamba mwanawe aliugua tetekuwanga akiwa na miaka sita, na yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha. Wajukuu nao waliugua wote mwezi wa tano. Kisha akasema, "Pumzika, mwanangu. Sauti yako ni ya mtu aliyechoka."

Nikasema asante, Mama. Ningesema nini kingine?

Mume ameshinda anajikuna. Nimemuuliza kwa nini. Hajui.

Jumamosi, 27 Desemba

Wamefika saa tatu asubuhi. Wifi ndiye wa kwanza kushuka. Ovaroli, kitambaa kichwani, filimbi shingoni. Filimbi!

Amenikumbatia, akapita moja kwa moja hadi sebuleni, akasimama mbele ya dude, mikono nyuma. Akatazama kwa muda mrefu. Akauliza fundi yuko wapi. Nikasema tumemfukuza. Mume wangu akaongeza kwamba alilia sana.

Kufikia saa nne ratiba ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Shemeji mdogo: dari. Mkewe: milango. Watoto: msasa, kuanzia sakafuni hadi mikono yao inapofika. Mume: ngazi. Mimi: kuosha burashi. Ndani ya nyumba yangu! Mama mkwe amekalia kiti changu kizuri huko uani, anamenya chungwa, na kila anayepita anapewa kipande kimoja na shauri moja.

Na rangi si kijani cha zahanati. Wifi amesema kile kinaleta homa. Amekuja na rangi ya parachichi. Sikuulizwa.

Jumapili, 28 Desemba

Nina mpango mpya, na uzuri wake ni kwamba mume hahusiki kabisa. Bila rola na burashi hakuna kupaka. Bila kupaka hawana sababu ya kukaa. Watarudi kwao. Hesabu nyepesi.

Wakati wa chai nikakusanya rola tano na burashi zote, nikazitumbukiza kwenye tenga la nguo chafu. Katika ukoo ule mzima hakuna anayegusa tenga la nguo chafu. Najua kwa uzoefu.

Filimbi ikalia. Watu wakatafuta chini ya vitanda, juu ya kabati, ndani ya viatu. Mkono haukuonekana kwenye ukuta kwa saa nzima na nusu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyowapungia mkono wa kwaheri. Ndipo Wifi akatuita uani akatangaza: kazi imechelewa, na yeye hawezi kumwachia ndugu yake nyumba ya rangi tatu. Hawaondoki tena tarehe mbili. Wataondoka tarehe tano.

Nililikimbilia lile tenga, sijawahi kukimbia hivyo. Nikatoka nikishangilia, jamani nimeziona! Hakuna aliyeuliza wapi. Burashi zilikuwa zimekauka, ngumu kama kuni. Mashati yote ya kazi ya mume yamepata parachichi. Na kwa mujibu wa ratiba, mwosha burashi nani? Nimeinamia ndoo ya mafuta ya taa hadi vidole vimekunjamana kama vya kikongwe.

Siku nane badala ya tano. Nimezitafuta mwenyewe.

Jumanne, 30 Desemba

Leo sina hamu ya kuchekesha mtu.

Nilikuwa nimeshika ngazi kwenye korido, Wifi yuko juu yake anapaka. Wengine walikuwa uani wanakula. Akasema bila kugeuka:

"Wifi, hakukuwa na fundi."

Nikajifanya nakagua miguu ya ngazi.

"Mtu anayepaka rangi kweli haanzii katikati ya ukuta. Na mgongo wa mdogo wangu naujua, hata akipanda kiti."

Nikamuuliza, sasa kama alijua, kwa nini alikuja. Akapaka kwanza kipande kirefu, juu hadi chini. Kisha akasema watoto wake wote wameshaondoka nyumbani, wa mwisho mwezi wa tisa. Asubuhi huwasha redio. Redio inasema habari za asubuhi, naye anaijibu.

"Shuleni nilikuwa naamkiwa na watoto mia nane kila siku. Siku hizi kuna siku sauti yangu naisikia mara moja tu, nikimfukuza paka. Na paka mwenyewe si wangu." Akachovya burashi. "Hapa angalau kuna mtu wa kunikasirikia."

Nikasema mimi sijamkasirikia. Akanitazama kutoka kule juu. Nikasema basi, kidogo. Akaangua kicheko, ngazi ikayumba, nikaikumbatia kwa nguvu zangu zote.

"Ungeniambia tu umechoka," akasema.

"Ungeacha kuja?"

"Ningekuja. Lakini ningekuja na mpishi."

Nimekula yamini nikiwa nimeshika ile ngazi. Sidanganyi tena. Si wifi, si mteja, si mtu yeyote. Jioni nimeenda mwenyewe kumwambia mwenye pazia la chooni kwamba mshono umekwenda kombo. Akasema ameshaona.

Jumatano, 31 Desemba

Nyumba imekwisha mapema, na hakuna anayezungumzia kuondoka. Imependeza, nakiri. Hata kabati limepata mguu mpya. Shemeji mdogo ameuchonga.

Asubuhi Wifi amepuliza filimbi, amewachukua wote na mume wangu juu, wameenda kutembea kutwa. Amesema mwenye nyumba apumzike. Kwenye ratiba ameandika hivyo, mbele ya jina langu: KUPUMZIKA, saa tatu hadi saa kumi.

Nikakaa kochini. Miguu mezani. Nikazitazama kuta. Nikalisikiliza friji. Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Nikarudi kochini. Nikatazama saa: zilikuwa zimepita dakika arobaini. Nikatoka hadi barabarani kuona kama wanakuja, mara nne, na mara ya nne jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Walipokata kona nikarudi ndani mbio, nikajilaza, nikajidai nimesinzia. Mama mkwe akaja akanifunika shuka zito. Jasho lilinitoka kama mpishi wa harusi, lakini shuka sikulitoa.

Kesho mwaka mpya. Nina azimio moja tu, na limeshaanza kazi tangu jana: ukweli mtupu.

Jumatatu, 5 Januari

Wameondoka saa mbili asubuhi. Nimelia. Machozi ya kweli, mume ni shahidi.

Mlangoni Wifi alinishika mikono yote miwili. Akasema sasa ni zamu yake kutupokea. Twende kwake mwezi wa nne, wiki mbili. Moyo ukajaa. Akaendelea: nyumba yake ina vyumba saba, haijaonja rangi miaka kumi na mmoja, ratiba ameshaiandaa, na safari hii mimi nimepandishwa cheo. Dari. Zote saba.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Haki ya nani, ulikuwa umeshafika kwenye meno: wifi, nakupenda, lakini mabega yangu hayainuki. Nikajisikia nikisema tungekuja kwa furaha kubwa, tatizo mwezi wa nne tunachimba kisima.

Wifi akanitazama. Akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa anavuta pumzi ya kuongea, nikamkanyaga. Wifi akasema, "Haya, wifi. Kisima." Akapanda gari.

Nimelitafakari jambo hili asubuhi yote na sioni kasoro. Kisima hakipakwi rangi. Hakipigwi msasa. Hakuna mwalimu mkuu duniani aliyewahi kusimamia kisima. Na si kama nimevunja yamini, kwa sababu kisima kikichimbwa kitakuwa kweli. Kinachotakiwa ni kionekane tu, kwa mtu anayechungulia kutoka getini.

Jirani ameniazima sururu na koleo. Nimechagua mahali, nyuma ya kamba ya nguo. Ardhi ni laini kuliko nilivyotegemea. Saa kumi hii nimeshafika magotini. Dalili njema!