Malalamiko juu ya Ng'ombe Wenu Ambaye Maziwa Yake Hayagandi

Minembwe, Jumanne

Mama mkwe mheshimiwa, Mama Bazubagira,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako. Mimi mkwe wako Éliezer ni mzima, isipokuwa moyo. Naandika kwa heshima zote kulalamika juu ya binti yako Kirezi, aliyekimbilia kwako, na juu ya ng'ombe mliyetuzawadia tulipooana.

1. Unajua nilishuka mjini Baraka kusomea mafuta makali ya mimea, yale ya dawa. Mwalimu wetu Darius alifundisha kwamba mafuta ya mchaichai yanaua vijidudu na kufukuza mbu. Nilirudi na cheti, chupa moja na kiburi cha chupa kumi. Alisema tuyachanganye kwanza na mafuta ya kula, lakini hapo nilikuwa nasinzia. Nilijipaka hivyo hivyo, shingo ikababuka. Mbu walinikimbia, watu pia.

2. Kirezi alifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi kila asubuhi, kama ulivyomfundisha. Nikamwambia hayo ni ya zamani. Nikavisugua vyote kwa mafuta yangu, na matone kadhaa nikatia ndani ya maziwa, kwa usalama. Tangu hapo maziwa hayagandi. Binti yetu Divine alionja akatema: «Papa, maziwa iko na harufu ya sabuni!»

3. Pasta alipotutembelea, alikunywa kidogo akauliza kama tumefungua dispensari. Kirezi aliona haya hadi akalia. Kesho yake alimchukua Divine, akaja kwako.

4. Nimechunguza. Jirani Sebatware hana mafuta wala cheti, na maziwa yake yanaganda vizuri. Mafuta yangu yamesomewa, hayawezi kukosea. Basi mwenye kosa ni ng'ombe wenu. Nileteeni mwingine, aliyezoea maendeleo. Ikishindikana, ukoo ukutane, na Kirezi atamke mbele ya pasta kwamba vijidudu vyote ni adui, bila ubaguzi.

Nisalimie baba mkwe, mashemeji, majirani na ng'ombe wote, isipokuwa mama wa huyu wangu.

Mkwe wako mtiifu, mwenye cheti,
Éliezer

N.B. Anayeleta barua hii ana kibuyu kitupu. Tafadhali kijaze maziwa yenu ya kuganda. Baada ya kuandika hayo yote, nimempigia Darius. Alicheka kwanza, kisha akasema maziwa hugandishwa na vijidudu vizuri, na mimi ndiye niliyeviua. Ng'ombe nimeshamwomba radhi. Kirezi bado, maana hapokei simu yangu. Mwambie nyumba ni safi sana sasa, Mama. Hakuna kinachoishi ndani yake ila mimi.