Jembe Langu Linakaa Nakonde

Kwa Baba Mkubwa Anania,
Mwenyekiti, Chama cha Kuzikana cha Ukoo,
Itaka, Mbozi.

YAH: KUFUTWA CHAMANI BILA KOSA LOLOTE LA KISHERIA

Baba mkubwa, shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na kahawa imechanua vizuri. Huku Tunduma malori yamepanga foleni kama kawaida, nami ni mzima, ila nina hasira.

Nimesikia kwa shangazi Nesta kwamba kikao kimeniondoa chamani. Kabla sijalalamika, nikukumbushe kazi yangu. Mimi ni karani wa kampuni kubwa ya kununua kahawa, ambayo sitaitaja kwa sababu ndiyo inayonilipa mshahara. Kampuni hiyo ina kampuni dada kisiwani, mbali huko ng'ambo. Dada huyo hana ofisi wala kiti, ana sanduku la posta tu. Lakini jina la kampuni ni lake, kwa hiyo kila msimu tunamlipa kwa kulitumia, na faida yote inaishia kwake. Huku kwetu inabaki hasara, na hasara haitozwi kodi. Kila mwaka tunapata hasara na kila mwaka tunajenga ghala jipya. Yote ni halali, mihuri ipo. Juzi juzi tumepewa cheti cha Rafiki wa Jamii kwa kuipa zahanati matoroli mawili, na watu walipiga makofi kweli kweli.

Nami nikajifunza. Shamba langu la hapo Itaka nimeliandikisha kwa Imelda, binamu wa mke wangu, anayeuza vitenge Nakonde ng'ambo ya mpaka. Hata jembe ni lake kwa karatasi, mimi nalikodi tu. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Babu Wiliam alipofariki, niliombwa debe la mahindi kama wenzangu. Nilieleza kwa heshima zote kwamba shamba limepata hasara, mavuno yamekwenda Nakonde kulipia jembe. Shangazi Nesta alicheka mpaka akakaa chini. Kucheka si jibu la kisheria, baba mkubwa.

2. Vijana wakanifuata nikachimbe kaburi. Nikawaeleza kwamba jembe linakaa Nakonde, na mikono inayolishika inalifuata. Wakauliza mbona mdomo umebaki hapa na umekula sahani mbili za wali. Hapo ndipo watu wasioelewa biashara wanaponichosha! Mtu anakula pale chakula kilipo. Malori ya kampuni yetu yanapita barabara ya hapa hapa, yanaichimba mashimo, na sijasikia hata siku moja yakiambiwa yakapite barabara za kisiwani.

3. Mmeniita mchoyo mbele ya mke wangu Enesi, naye akatikisa kichwa kukubaliana nanyi. Je, ule mwiko mkubwa wa kusongea ugali, wenye jina langu kwenye mpini, chama kilipewa na nani? Si nilipiga nao picha na wewe mwenyewe ukiwemo? Cheti changu kiko wapi? Jamani, kampuni ikifanya ni akili, Jastin akifanya ni uchoyo? Hilo limeniuma, sitaki kuficha.

4. Mlikataa hata kusikiliza pendekezo langu kwamba ukoo mzima tujiandikishe kwa Imelda. Asingebaki hata mmoja wa kudaiwa mahindi wala kuni. Wewe ukauliza ni nani basi atakayezika. Hilo ni suala la utekelezaji, tungeliundia kamati.

Kwa hiyo naomba nirudishwe, niombwe radhi kwa maandishi, na nipewe cheti. Mkikataa, basi, nitaishi bila chama, na sioni nitapungukiwa nini.

Nisalimie mama mkubwa, shangazi Nesta akiwa amemaliza kucheka, na wote wanaonisema, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi mwanao, mtii wa sheria,
Jastin

N.B. Baba mkubwa, barua ilikuwa bado iko mezani Enesi alipopigiwa simu kutoka kwao Mbangala. Bibi yake aliyemlea amefariki. Unajua mwenyewe, mkwe haingii msibani peke yake. Anaingia na watu wake, baba zake wakimtangulia na mama zake wakiimba na mahindi kichwani. Enesi amekaa kitandani, ameniuliza swali moja tu, nitaingia na nani.

Nimempigia Imelda aniachie mahindi yangu. Amesema ni yake, na akanisomea mhuri. Nimeomba ruhusa kazini, nikaambiwa kwamba kwa karatasi mimi nimeajiriwa na yule dada wa kisiwani, niandikie sanduku la posta. Sasa sanduku la posta litaniimbia nini pale Mbangala?

Simu yako haipatikani, ndiyo maana barua naituma na bodaboda bila kuiandika upya. Usisome huko juu. Njooni, nawaomba sana, debe langu la msiba huu na lile la babu Wiliam nitayalipa. Shangazi Nesta asikose, nyimbo hakuna anayezianzisha kama yeye, na akitaka kunicheka anicheke njia nzima. Jembe nimeazima kwa jirani, nitachimba. Na ule mwiko mje nao, tutauhitaji. Jina langu nitalikwangua mwenyewe.