Nilivyomchagulia Tharsisi Chuo

Jumatatu, 24 Juni 2013. Kasulu.
Siku sita zimebaki maombi ya vyuo vikuu yafungwe. Nina hasira. Baba kaapa leo mbele ya wateja: nisipochaguliwa chuo, naenda Nyabibuye kuuza chumvi na sabuni kwenye duka lake la huko. Moja kwa moja! Mimi, Nurudini Abdulrahmani, mwanasheria mtarajiwa, nikapime chumvi! Nikamwambia divisheni ya tatu si haba. Baba akajibu kuwa hata chumvi ina madaraja, na yangu ni ile ya ng'ombe. Wateja wakacheka. Nimewaandika majina.

Jumanne, 25 Juni.
Nimejaza maombi kwenye steshenari ya Salumu. Kompyuta mbili, jenereta moja bovu, foleni hadi barabarani. Machaguo matano, yote sheria. Salumu anajidai mtu wa Ujiji na kutuita "wanangu" ingawa tumelingana. Akanishauri nichanganye na ualimu, maana walimu hupewa mkopo kwanza. Ualimu! Wamenichapa miaka kumi na tatu, leo nijiunge nao?

Mbele yangu kwenye foleni, nani? Tharsisi. Tulisoma darasa moja. Mtoto wa wakulima wa maharage Nyakitonto, divisheni ya pili, na anatembea kama tayari ni hakimu. Naye kajaza sheria. Chuo kilekile! Akanipa mkono na kunitakia heri. Heri gani, na nafasi yangu kaikalia yeye?

Alhamisi, 27 Juni.
Nimegundua jambo. Kwa kuwa wengi hatuna barua pepe, Salumu katusajili wote kwa ile ya dukani, na neno la siri la mji mzima ni moja. Kaliandika ukutani kwa chaki asilisahau! Namba za mtihani zimebandikwa shuleni pamoja na matokeo. Ya Tharsisi nimeikariri. Akiondoka yeye kwenye sheria, nafasi inabaki wazi. Hesabu ndogo tu.

Jumapili, 30 Juni.
Kazi imekwisha. Steshenari imefurika, Salumu yuko nje anagombana na jenereta. Nikaingia kwa namba ya Tharsisi, nikafuta sheria zote tano, nikamwekea ualimu. Ualimu mara tano! Akafundishe watoto wenye makamasi. Nilipotoka nilijinunulia soda. Ni mara ya kwanza mwezi huu kutokuwa na hasira.

Jumatano, 11 Septemba.
Majina yametoka. Langu halimo. Nimelitafuta kwa jina langu, la Baba, hata la babu. Halimo! Tharsisi yumo. Ualimu, na mkopo kapewa wote, asilimia mia. Wanasema alipoona ualimu alilia. Mama yake, Theodosia, akamuuliza sheria bila mkopo wangeilipia kwa magunia mangapi ya maharage, kisha akamwambia afute machozi. Sasa Nyakitonto nzima inashangilia. Nimepiga teke ndoo. Mguu umevimba.

Alhamisi, 12 Septemba.
Leo nimeharibu. Hapana, wameniharibia! Theodosia kaja mjini na jogoo mwekundu mnene kumshukuru Salumu kwa kumwekea mwanawe ualimu. Huku kwetu ukitendewa wema huendi kushukuru mikono mitupu. Salumu hakujua anashukuriwa nini, lakini jogoo alimpokea kwa mikono miwili. Akasema ndiyo kawaida yake, huwaonea vijana huruma. Mwongo mkubwa! Vidole vilivyofanya kazi ni vyangu! Nikavumilia, nikavumilia. Walipoanza kumfunga jogoo miguu nikashindwa, nikapaza sauti: "Mama, ualimu niliuweka mimi! Huyo jogoo ni wangu!"

Theodosia akaniuliza taratibu: "Mwanangu, nani alikutuma?"

Nikageuka nitafute jibu, nikamkuta Baba mlangoni, kaja kutoa kopi. Tharsisi alikuwa nyuma yake. Akasema tu kwamba mimi nilikuwa rafiki yake. Afadhali angenipiga. Baba akaomba radhi mbele ya watu wote na kumpa Theodosia kitenge kipya cha dukani. Njiani akaniambia nikifika Nyabibuye nikae nilitafute kosa langu. Mimi nilichokuwa nawaza ni kwamba jogoo kabaki kwa Salumu!

Jumapili, 22 Septemba. Nyabibuye.
Chumvi. Sabuni. Vumbi. Wateja wanasema napunja, wakati mzani ni wa Baba. Siku kumi hapa na tayari nanuka sabuni ya mche.

Leo kidogo kuna nafuu. Kaja Esteri, binti wa jirani, kamaliza kidato cha sita. Maombi yamefunguliwa tena kwa waliokosa nafasi, naye hajawahi kugusa kompyuta. Kasikia kwamba mimi ni mzoefu. Nikakubali kwamba ndiyo. Nikamwambia aniachie namba yake ya mtihani, Jumatano naenda Kibondo kuchukua mzigo, nitamjazia pamoja na yangu. Akafurahi, akaninunulia karanga. Nikamuuliza anataka kusoma nini. Sheria! Na ana divisheni ya pili!

Nimekaa jioni yote natafuta kosa nililofanya kwa Tharsisi. Baba alisema nikae nilitafute, na nimelipata: nilimchagulia vizuri mno. Esteri sitamkosea hivyo.